Mwaka wa duka langu unaisha Februari

Kuanzia katikati ya Desemba simu yangu hujaa mialiko. Kuna semina ya malengo, kuna darasa la maono, kuna kundi la WhatsApp la kupanga mwaka ambalo kiingilio chake unatakiwa ukitume kabla hujaambiwa mwalimu ni nani. Sina ugomvi na wanaokwenda. Ila mimi nina steshenari hapa Ngamiani, Tanga, na kwa duka kama langu Desemba ndio mwezi mbaya kuliko yote wa kujiuliza mwaka umeendaje. Rafu zimejaa mpaka darini, droo imebaki na chenji, na mwenye duka la jumla kule Kariakoo ananidai mzigo alionipa kwa mali kauli. Anayeanza kuhesabu kwenye rafu ataniita tajiri. Anayeanza na daftari la madeni atanihurumia. Wote wawili watakuwa wamekosea.

Mwaka wangu unaisha Februari, Jumapili ya mwisho. Sababu ni shule. Masomo ya msingi na sekondari huanza Januari, na kabla ya hapo majina ya waliochaguliwa kuingia kidato cha kwanza yanatoka, mzazi anashika fomu ya kujiunga yenye orodha ndefu: kaunta buku, rimu ya karatasi, mkebe wa hisabati, ndoo, fagio, na shule nyingine kwanja au jembe. Mzazi wa hapa kwetu haji mara moja. Anakuja na karatasi kuuliza bei, anaondoka, anazunguka barabara zote za Ngamiani, halafu anarudi jioni ya mwisho akiwa na haraka na mtoto amemshika mkono. Kufika katikati ya Februari hata wale waliochelewa kuripoti wameshanunua. Rafu zimekuwa nyeupe. Kilichobaki ni kile ambacho hakuna aliyekitaka, na hicho ndicho chenye habari.

Kila mwenye duka ana Februari yake. Mtwara na Newala minada ya korosho hufunguliwa Oktoba, na muuza mabati, muuza pikipiki na fundi cherehani wote wanaitazama fedha hiyohiyo. Kuwaambia wafunge hesabu 31 Desemba ni kuwakatia mwaka katikati ya msimu. Kigoma, serikali ilipofunga uvuvi Ziwa Tanganyika kuanzia 15 Mei hadi 15 Agosti 2024 ili samaki wazaliane, walioumia hawakuwa wavuvi tu. Mama lishe wa mwaloni, muuza barafu na muuza nyavu walikaa nao. Mtu wa pale ana haki ya kuanza mwaka wake siku ziwa linapofunguliwa. Pemba karafuu ndiyo inayosema. Kilimanjaro ni kinyume changu kabisa: Wachaga wanapopanda mabasi Desemba kurudi kwao, "kuhesabiwa" kama utani unavyosema, maduka ya Marangu na Rombo huuza kwa wiki mbili zaidi ya yalivyouza kwa miezi, na ikifika 2 Januari mwenye duka anaweza kukaa chini na kuhesabu kwa raha zake. Kwake kalenda ya ukutani inafaa. Kwangu haifai.

Serikali, kwa upande wake, haiwezi kumpa kila mtu mwaka wake. Kwa TRA, mamlaka ya kodi, mwaka wa mapato ni Januari hadi Desemba, ingawa bajeti ya serikali yenyewe inaanza 1 Julai. Basi usiku wa 31 Desemba natoa ripoti ya Z, yaani jumla ya mauzo ya siku, kwenye mashine ya risiti ya EFD kama siku nyingine yoyote, najumlisha mauzo ya miezi kumi na miwili, naandika namba moja juu ya bahasha ya risiti za manunuzi, nafunga. Hiyo ni hesabu yao, na naiheshimu. Lakini mfanyabiashara binafsi ambaye mauzo yake hayazidi shilingi milioni 100 kwa mwaka hutozwa kwa jedwali la mauzo, na kodi yenyewe hulipwa kwa awamu nne, mwisho wa Machi, Juni, Septemba na Desemba. Jedwali haliulizi umebaki na nini. Ukiuza sana kwa hasara utalipa sawa na aliyeuza sana kwa faida. Kwa hiyo kuna watu wana namba nzuri sana ya TRA, wanalipa kwa wakati, na duka linakufa mikononi mwao huku wakijua kwamba mauzo yamepanda.

Uzuri mmoja wa Februari ni kwamba Machi ndiyo mwezi wa makadirio ya kodi. Unakwenda pale dirishani na daftari lako likiwa bado la moto. Afisa akikuuliza unadhani mwaka huu utauza kiasi gani, hujibu kwa kukuna kichwa.

Sasa kuhesabu kwenyewe. Mimi na kijana wa duka tunafunga mlango, yeye anataja, mimi naandika. Hatubadilishani. Anayetaja lazima ashike kitu kwa mkono, si kuangalia boksi na kusema "hapa zimo ishirini na nne". Maboksi yana tabia ya kutolewa vitu viwili vitatu kwa mteja mwenye haraka na kurudishwa yakiwa yamefungwa vizuri. Tunaanzia juu kabisa nyuma, kule kusikofikiwa bila ngazi, kwa sababu ukianzia mbele ukichoka utakisia nyuma, na nyuma ndiko kwenye mambo.

Daftari la kuhesabia lina safu nne: kitu, idadi, bei ya kununulia ya leo, na alama. Bei ya leo, si ya siku niliponunua. Watu wengi wanakosea hapa. Tuseme dazeni ya kaunta buku niliinunua kwa 30,000 nikaiuza kwa 36,000. Naona faida ya 6,000 na nimeshaila. Narudi Kariakoo nakuta dazeni ileile ni 35,000. Ili rafu irudi kama ilivyokuwa, 5,000 katika ile 6,000 ilipaswa kubaki dukani. Faida yangu ya kweli ilikuwa 1,000, na mimi nimekula ya 6,000. Ukifanya hivyo kwa bidhaa mia mbili mwaka mzima, mtaji unapungua bila mwizi yeyote kuingia. Ukisikia mtu anasema "nauza vizuri lakini mzigo haurudi", usimtafutie mchawi. Muulize anahesabu kwa bei gani.

Safu ya alama ina herufi tatu tu. H ni kinachohama, P ni kinachopumzika, D ni kilichododa. Kilichododa nakipa thamani ya sifuri, hata kama kilinigharimu fedha nyingi. Kijana wangu hunitazama kama nimepotelewa na akili ninapoandika sifuri mbele ya boksi zima la dayari. Lakini dayari yenye mwaka uliopita juu ya jalada, ikifika Februari, ni karatasi. Haina mnunuzi isipokuwa muuza karanga. Kalenda ni hivyohivyo. Vitabu vya kiada navyo vina kifo chao: mtaala mpya ulipoanza kutumika Januari 2024, ukianzia madarasa ya awali, la kwanza na la tatu, vitabu vya mtaala wa zamani vya madarasa hayo vilikufa kwenye rafu za nchi nzima ndani ya likizo moja. Bado leo unaviona kwenye maduka, vimepangwa vizuri, vumbi limefutwa, na mwenye duka anavihesabu kama mali kwa sababu bei iko nyuma ya jalada. Mali bila daftari hupotea bila habari, tuliambiwa tangu shule. Hii nayo imo kwenye daftari, na imepotea vilevile.

Aliyenifundisha ukali huo ni mzee mmoja jirani yangu, anauza khanga na vitenge tangu nikiwa mtoto. Yeye hana Desemba wala Februari. Mwaka wake unafuata mwezi mwandamo, siku 354 au 355, kwa hiyo kila mara unarudi nyuma kama siku kumi na moja, na amejiwekea Ramadhani kuwa ndio mwezi wake wa kutoa zaka ya mali ya biashara. Asilimia mbili na nusu ya kile alichonacho, kama kinafikia nisabu, kiwango cha chini cha mali kinachopasa zaka, ambayo wengi huipima kwa thamani ya gramu 85 za dhahabu. Mimi kanisani kwetu hatuhesabiwi hivyo, lakini nilipopita kwake siku moja nikamkuta na miwani na daftari, nikakaa.

"Shikamoo, Mzee."

"Marahaba, mwanangu. Umeshamaliza kujidanganya na wewe?"

"Bado. Hizi khanga unaziandika kwa bei uliyonunulia?"

"Bei ya sokoni ya leo. Mola hanidai kwa bei ya mwaka juzi."

Akanionyesha ukurasa wa madeni. Anawagawa watu kwa makundi matatu: atakayelipa, atakayesumbua, na aliyekwisha kula. Wa kwanza anamhesabu kama fedha iliyo mfukoni na kumtolea zaka. Wa tatu hamhesabu kabisa mpaka siku akileta mwenyewe. Halafu anatoa anayodaiwa na wenye maduka ya jumla. Ninachokipenda katika utaratibu wake ni kwamba hauna nafasi ya kujipendelea. Mtu anayepiga hesabu ili apate mkopo benki hukuza. Anayepiga hesabu ili akutane na kodi hupunguza. Anayepiga hesabu kwa kuogopa kumdhulumu maskini, na Mungu anamwona, hana pa kuegemea. Ningewashauri wafanyabiashara wote wahesabu kwa roho hiyo hata kama hawatoi zaka. Vyuo vya biashara vinafundisha jambo lilelile kwa miezi mingi na ada juu.

Kundi la pili, la wasumbufu, ndilo linalomtesa mwenye steshenari. Kuna shule moja binafsi, siitaji, inachukua rimu na chaki kuanzia Januari na kila ukipiga simu mhasibu yuko safarini. Jina kama hilo linaonekana zuri daftarini kwa sababu ni taasisi, ina geti na mlinzi. Mimi nikishapiga simu mara tatu bila tarehe ya kulipwa, nalihamishia kundi la tatu na hatuuziani tena mpaka fedha ije kwanza. Mlinzi na geti lake hawalipi kodi ya fremu.

Baada ya hapo hesabu ni fupi mno kiasi kwamba inaudhi. Thamani ya mali isiyododa, ongeza fedha taslimu, iliyoko kwenye simu na ya benki, ongeza madeni ya kundi la kwanza, toa yote unayodaiwa. Unapata namba moja. Iweke pembeni ya namba ya Februari iliyopita. Tuseme mwaka jana ilikuwa 8,000,000 na mwaka huu ni 8,600,000. Mtaji umekua kwa 600,000. Lakini hujamaliza: ongeza ulichokichota kupeleka nyumbani mwaka mzima. Kama ulikuwa unachota 400,000 kwa mwezi, hiyo ni 4,800,000, na faida yako ilikuwa 5,400,000. Hakuna programu ya kompyuta hapo. Kinachotakiwa ni uwe unaandika ulichokichota, hata sukari, hata nauli ya mtoto. Wengi hawaandiki, wanasema duka ni la kwangu, nichukue kwa ruhusa ya nani? Sawa. Ila ujue kwamba asiyeandika hatajua kama duka linamlisha yeye au yeye anakula duka.

Anayefanyia biashara kwenye fremu ya nyumba yake aandike pia kodi ambayo angelipwa na mpangaji. Asipoandika atasema ana faida, kumbe anachokula ni kodi ya nyumba ya baba yake.

Kuna kitu kingine kinachohesabika kwenye duka langu ambacho wenye maduka ya nguo hawana: mashine ya kutoa kopi. Ndani yake kuna mita. Kila karatasi ikipita mita inaongezeka, na ukichapa pande mbili inaongezeka mara mbili, kwa hiyo rimu moja ya karatasi 500 inaweza kuzaa kopi 1,000. Ninaandika mita asubuhi na jioni kwenye kadi iliyobandikwa ubavuni mwa mashine. Mwisho wa mwaka nachukua mita ya mwisho, natoa ya mwanzo, natoa karatasi zilizokwama na za kujaribia, nazidisha kwa bei ya kopi. Namba inayotoka inapaswa kukaribiana na fedha ya kopi iliyoandikwa. Haiwi sawa, haijawahi kuwa sawa duka lolote. Lakini tofauti ina sura yake. Ikiwa ndogo na imesambaa, ni karatasi zilizoharibika na mwanafunzi aliyesamehewa shilingi hamsini. Ikiwa imekusanyika kwenye miezi ya mitihani, wakati kijana wa duka anabaki peke yake mpaka saa tatu usiku, kuna mazungumzo ya kufanya, na ni bora yafanyike ukiwa na kadi mkononi kuliko ukiwa na hasira. Yule niliye naye sasa aliiomba kadi hiyo mwenyewe. Alisema inamlinda.

Mpango wa mwaka unatoka hapohapo kwenye daftari la kuhesabia, na kwangu ni karatasi moja yenye miezi, kila mwezi na fedha inayoingia na inayotoka. Hauna maneno kama kukuza chapa. Machi hadi Mei ni masika, watu hawatoki, na duka linaishi kwa kopi na kuprinti. Basi kodi ya fremu isiangukie Aprili. Mwenye nyumba anataka miezi sita kwa mkupuo, nimemwomba tuanze kuhesabu kuanzia Februari, amekubali baada ya maneno mengi na sinia la maandazi. Julai kuna kidato cha tano, wimbi dogo lakini la watu wanaonunua vitu vya bei. Oktoba ndipo ninapotaka kwenda Dar kuchukua daftari na kaunta buku, kabla nchi nzima haijashuka Kariakoo Desemba na bei ikapanda na gari la mizigo likapanda nayo.

Tatizo la Oktoba ni fedha. Kikoba chetu kinavunjwa Desemba kama vikoba vingi, wanachama wanagawana, na fedha inaingia siku ambayo wali, nguo za watoto na nauli za kwenda kijijini zimeshapanga foleni. Mimi nimepeleka ombi tuvunje mwisho wa Septemba. Wenzangu wauza nguo wanataka Novemba, mama wa mgahawa anasema kwake mwezi wowote ni sawa. Tutapiga kura. Asiyekuwa na kikoba, na aliyekula mtaji wa Oktoba, ndiye utakayemkuta Desemba mlangoni kwa wale wa mikopo ya kausha damu, anakopa kununua mzigo wa Januari na kurejesha kila wiki kuanzia wiki inayofuata, wakati mzigo wenyewe bado haujauzwa hata daftari moja. Nimeona maduka mawili ya mtaa huu yakiondoka kwa njia hiyo. Hayakukosa wateja.

Kati ya alama za D za mwaka huu, nimeshaamua matatu. Dayari sinunui tena kwa kubahatisha: anayetaka anatanguliza nusu ya bei kufikia Novemba, naandika jina lake, naleta idadi hiyohiyo. Mabegi ya watoto nawaachia wa mitumba, wananishinda kwa bei na kwa ubora, hakuna aibu. Kalamu za bei ya juu nabaki nazo tatu za maonyesho.

La nne limenishinda bado. Mashine ya kopi imechakaa, spea zake zinaagizwa Dar, na shule zilizokuwa zinaleta mitihani kwangu nyingine zimeanza kununua mashine zao. Mita inasema kopi zimepungua mwaka huu kuliko uliopita, ila kuprinti kutoka kwenye simu kumeongezeka: vijana wanatuma barua za maombi ya kazi na vyeti kwa WhatsApp, wanakuja kuchukua karatasi. Fundi anasema nitengeneze, itakwenda miaka miwili. Muuzaji anasema nichukue nyingine iliyotumika kutoka Dubai, nilipe kidogo kidogo. Nimeiandika kwenye karatasi ya mpango chini ya Juni, kwa penseli, na pembeni nimeandika mita ya leo. Ikifika Juni nitaangalia imetembea kiasi gani masika nzima, ndipo nitakapojua kama kuna kazi ya kulipia mashine au kuna mazoea tu ya kuwa nayo.